Mkataba Ufanane na Kazi: Hotuba kwa Madaktari na Wenye Hospitali, Malindi

Bwana Mwenyekiti, madaktari waheshimiwa mliotoka hapa Malindi, Watamu, Mpeketoni, Faza na Lamu mjini, wenye hospitali na zahanati za binafsi, mabibi na mabwana, assalaam aleikum na habari za mchana.

Nimeombwa nizungumze juu ya mkataba wa ajira wa daktari: namna ya kuusoma kabla ya kutia saini, na namna ya kuuandaa kwa upande wa yule anayeajiri. Mimi ni wakili, na mikataba ya aina hii huletewa mezani kwangu na pande zote mbili, mara nyingi mambo yakiwa yameshaharibika. Neno langu la leo ni moja, na yote nitakayoyasema yanalitumikia. Mikataba mingi ninayoisoma haielezi kazi inayofanyika. Imenakiliwa kutoka mkataba wa karani wa afisi fulani Nairobi, jina likabadilishwa, mshahara ukajazwa, na panapozuka ugomvi daktari na mwajiri wake wote hugundua kwamba karatasi waliyoitia saini haina sentensi hata moja juu ya jambo wanalogombania.

Nianze na msingi wa sheria, kwa kifupi, kwa sababu wengi wenu mmeusikia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 9, inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Kifungu cha 10 kinataja yanayopaswa kuwemo: majina ya pande mbili, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, malipo na jinsi yanavyohesabiwa, likizo, notisi na mengineyo. Wenye hospitali, naomba mnisikilize vizuri hapa. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa wake. Daktari akidai kwamba mliahidiana nyumba, ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha kwamba hamkuahidiana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sheria yetu imelitia neno hilo nguvu.

Yaliyomo katika sheria hiyo ni kiwango cha chini. Siku 21 za kazi za likizo ya mwaka kwa malipo kamili, miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mama, wiki mbili kwa baba, siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi: haya hayapunguzwi kwa makubaliano, hata kama daktari ameyakubali kwa hiari yake. Yanaweza kuongezwa tu. Kwa hiyo daktari asitumie nguvu zake zote kubishania likizo, kwani sehemu ya chini kabisa tayari ina ulinzi. Nguvu aziweke pale ambapo sheria imenyamaza, na ndiko ninakotaka kuwapeleka.

Sheria ya Ajira inasema kwamba mwajiri ataweka saa za kazi, kisha haitaji kikomo mahsusi kwa daktari. Kwa mtu wa dukani hilo huenda lisiwe tatizo kubwa. Kwa daktari, ambaye kazi yake haina saa za kufunga, kimya hicho ndicho kinachomchosha hata akakosea kipimo cha dawa. Mikataba ninayoiona huandika hivi: "Daktari atafanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na atafanya majukumu mengine yoyote atakayopangiwa na mwajiri." Maneno hayo manane ya mwisho yanaumeza mkataba mzima. Ndani yake mnaingia zamu za usiku, wikendi, kupigiwa simu ukiwa mezani na watoto, kusindikiza wagonjwa na kusimamia zahanati ya pili ambayo mwajiri amefungua Mambrui bila kukuambia.

Chukueni mfano ambao madaktari wa Lamu wanaujua kuliko mimi. Mama mjamzito amekwama katika uchungu Faza, usiku, na daktari wa zamu ameona apelekwe ng'ambo. Boti haliwezi kuondoka wakati wowote linapotaka, kwani mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, maji yakiwa yamekupwa haupitiki vizuri. Wanangoja maji yajae. Wanaondoka saa nane za usiku, daktari ameshika dripu kwa mkono mmoja na tochi kwa mkono wa pili, na ikiwa hali inazidi uwezo wa hospitali ya rufaa ya kaunti iliyo Amu, yaani Lamu mjini, safari inaendelea kwa gari kutoka Mokowe kupitia Witu na Garsen. Alfajiri anamkabidhi mgonjwa kwa wenzake. Alhamdulillahi, mama amefika hai.

Sasa daktari huyu anarudi vipi, na kwa gharama ya nani? Saa anazokaa gatini akisubiri maji, je, ni saa za kazi? Zamu yake ya asubuhi inaanza saa mbili: nani anaichukua? Lau boti lingepigwa na bahari chafu akaumia, bima ipi ingemlipa? Mkataba usemao "na majukumu mengine yoyote" hauna jibu la swali hata moja kati ya hayo, ilhali safari ya namna hii si jambo la ajabu kwa anayefanya kazi visiwani. Ni kazi yenyewe.

Mkataba uliofikiriwa ungeandika kitu kama hiki, nami nakisoma polepole ili mkipenda mkinakili: "Daktari atakuwa kwenye zamu ya kuitwa kwa usiku usiozidi saba katika mwezi. Akiitwa, atafika hospitalini ndani ya dakika 30, na kila saa atakayofanya kazi kuanzia kuitwa kwake itahesabiwa kuwa saa ya kazi. Akisindikiza mgonjwa, muda wa safari ya kwenda, wa kusubiri chombo na wa kurudi ni muda wa kazi, na gharama zote za safari ni za mwajiri. Akifanya kazi zaidi ya saa nne kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili alfajiri, zamu yake ya asubuhi inayofuata itachukuliwa na mwingine." Idadi hizo si za sheria. Ni mfano wangu, na kila hospitali ina hesabu yake ya madaktari. Lakini tazameni jinsi aya moja inavyomaliza maneno mengi, na jinsi inavyomlinda pia mwenye hospitali, kwa kuwa sasa anajua mapema kwamba kwa madaktari wawili alio nao hawezi kujaza usiku wote wa mwezi, na anaweza kupanga kumtafuta wa tatu au kuleta daktari wa lokamu, yaani wa kushika zamu kwa muda.

Kuhusu kuumia kazini, ipo Sheria ya Mafao ya Ajali Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri awawekee bima wafanyakazi wake, na inayotoa fidia ya mapato ya miezi 96 kwa kifo au ulemavu kamili wa kudumu. Daktari aliyechomwa na sindano ya mgonjwa naye yumo katika maana ya sheria hiyo ikiwa amedhurika akiwa kazini. Ulizeni hospitali, kabla ya kusaini, kama bima hiyo imelipiwa mwaka huu. Si utovu wa adabu kuuliza.

Nije kwenye malipo. Kwa walioajiriwa na kaunti, mshahara hufuata vyeo, na marupurupu hujulikana: ya zamu za dharura, ya hatari, ya mazingira magumu kwa walio Lamu, na kadhalika. Nyuma yake kuna makubaliano ya pamoja kati ya serikali na muungano wa madaktari, KMPDU. Historia ya makubaliano hayo ina somo la kisheria. Yale ya mwaka 2013 yalitiwa saini, hayakusajiliwa mahakamani, hayakutekelezwa, na yakazaa mgomo wa siku 100 ulioanza Desemba 2016. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi, makubaliano ya pamoja hupata nguvu ya kutekelezwa yanaposajiliwa na mahakama, na masharti yake huingia ndani ya mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika. Ndiyo maana katika mgomo wa 2024, uliodumu siku 56, madaktari wanagenzi waliopendekezewa shilingi 70,000 kwa mwezi waliweza kusimama juu ya kiwango cha takriban 206,000 kilichokuwa kwenye makubaliano ya 2017. Walikuwa na karatasi ya kusimamia. Kwa hiyo, daktari wa kaunti, barua yako ya uteuzi isome pamoja na makubaliano hayo, na uhakikishe inataja cheo chako kwa usahihi, kwani kila shilingi inafuata cheo.

Katika hospitali za binafsi hapa Malindi mambo ni mengine. Wengi hulipwa kwa asilimia: daktari anapata, tuseme, asilimia 40 ya fedha zinazotokana na wagonjwa aliowaona. Sharti hili linapendeza masikioni, na hakuna sharti lililoniletea watu wengi wenye machungu kama hili. Asilimia 40 ya nini? Ya kilichoandikwa kwenye ankara, au ya kilicholipwa? Ikiwa mgonjwa ana bima, kampuni inaweza kulipa baada ya miezi, ikapunguza, au ikakataa kabisa kwa sababu fomu ilijazwa vibaya. Je, fomu hiyo aliijaza daktari au mhasibu? Gharama za dawa, maabara na chumba cha upasuaji zinatolewa kabla ya kugawana au baada ya kugawana? Wageni wakiondoka na msimu wa utalii ukafifia mwezi wa tano, je, kuna kiwango cha chini ambacho daktari hawezi kushuka chini yake? Na swali ambalo karibu kila mkataba unalisahau: daktari akiondoka Machi na bima ikalipa Julai kwa kazi aliyoifanya Februari, fedha zile ni za nani?

Tufanye hesabu moja. Daktari amefanya upasuaji ulioandikiwa ankara ya shilingi 100,000. Vifaa na chumba vimegharimu 35,000. Bima imelipa 80,000 baada ya miezi mitano. Kwa tafsiri ya kwanza, asilimia 40 ya ankara, anadai 40,000. Kwa tafsiri ya pili, asilimia 40 ya kilicholipwa, anapata 32,000. Kwa tafsiri ya tatu, baada ya kutoa gharama kwenye kilicholipwa, anapata 18,000. Hakuna mwongo kati ya daktari na mwenye hospitali. Kila mmoja alikuwa na hesabu yake kichwani siku ya kusaini, na mkataba haukuwalazimisha kuilinganisha. Nawaomba wenye hospitali waweke hesabu ya mfano ndani ya mkataba wenyewe, kwa tarakimu, kama nilivyofanya sasa hivi. Mahakama haitachukia kuona hesabu, na daktari ataweza kuangalia taarifa yake ya kila mwezi bila kushuku mtu.

Hapo hapo lipo jambo la hadhi ya kazi. Wako waajiri wanaomwandika daktari kuwa mtoa huduma anayejitegemea ili wasimkatie kodi ya mshahara wala michango, wakate kodi ya zuio tu, ile asilimia 5 inayozuiwa kwenye malipo ya mtoa huduma. Kama kweli anajitegemea, anakuja Jumanne na Alhamisi, ana kliniki yake, anatoa ankara, hakuna ubaya. Lakini kama anavaa beji yenu, anapangiwa zamu nanyi, anaomba ruhusa kwenda maziko na hana pengine pa kazi, mahakama hutazama uhalisia wa uhusiano kuliko jina lililoandikwa juu ya karatasi. Daktari naye asifurahie mkono mnene wa mwezi wa kwanza bila kuhesabu kwamba hana likizo ya kulipwa, hana akiba ya uzeeni ya NSSF, hana mchango wa mwajiri wa asilimia 1.5 wa nyumba, na akiugua amekwisha.

Bima ya dhima ya kitaaluma inataka utulivu kidogo, kwa kuwa madhara yake hujitokeza miaka baadaye. Ziko aina mbili. Moja hufuata tukio: kosa likitokea wakati bima iko hai, italipa hata dai likija baada ya miaka mitatu. Ya pili hufuata dai: bima inapaswa kuwa hai siku dai linapoletwa. Daktari aliyekuwa chini ya bima ya aina ya pili, iliyolipiwa na hospitali, siku anapoacha kazi hubaki wazi kwa yote aliyoyatenda pale, isipokuwa awe amenunuliwa nyongeza ya kumlinda baada ya kuondoka. Katika mikataba ya Marekani, suala la nani atalipia nyongeza hiyo ni miongoni mwa mambo yanayobishaniwa zaidi. Huku kwetu linapitwa kimya. Ulizeni ni aina gani, kiasi gani, na ni nani anayelipa mwisho wa safari. Jibu liandikwe.

Ufadhili wa masomo ya ubingwa nao una mtego wake. Kaunti au hospitali humpeleka daktari kusoma miaka kadhaa, naye anasaini kwamba atarudi kutumika kwa muda fulani au arudishe gharama. Naliunga mkono sharti hili. Pwani ya kaskazini haina mabingwa wa kutosha, na ni haki kwa aliyegharimika kupata huduma. Ninachokitaka ni uwiano. Deni lipungue kadiri daktari anavyotumikia, ili aliyebakisha miezi sita asidaiwe sawa na aliyetoroka siku ya kwanza. Gharama zitajwe kwa shilingi. Na mwajiri naye afungwe: akirudi bingwa wa upasuaji, akakuta chumba cha upasuaji hakina mashine ya usingizi, akakaa miaka miwili akitibu malaria, si haki kumwambia kwamba saa yake ya deni haijaanza kuhesabiwa.

Kuhusu masharti ya kumzuia daktari asifanye kazi kwingine baada ya kuondoka, Sura ya 24 ya sheria zetu, inayohusu mikataba ya kuzuia biashara, inairuhusu Mahakama Kuu kulibatilisha sharti lisilo la busara. Hata Marekani jambo hili halijatulia: Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitoa kanuni ya kuyapiga marufuku masharti hayo Aprili 2024, na mahakama ya Texas ikaibatilisha Agosti mwaka huohuo. Kwa maoni yangu, kumzuia daktari wa watoto asitibu popote Malindi kwa miaka miwili ni kuwaadhibu watoto. Mwenye hospitali anayeogopa kuibiwa wagonjwa aandike sharti jembamba: daktari asichukue orodha ya wagonjwa wala faili zao, jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 tayari inalikemea, na asiwapigie simu kuwavuta.

Yamebaki mambo ya kuagana. Kipindi cha majaribio hakizidi miezi sita, na kinaweza kuongezwa miezi mingine isiyozidi sita kwa ridhaa ya mwajiriwa pekee. Ndani yake notisi ni siku saba. Baada ya hapo, kumwachisha kazi mtu kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kunahitaji kwanza aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa muungano, na asikilizwe. Kisha sababu iwe ya kweli. Mwajiri aliyeruka hatua hizo anaweza kuamriwa kulipa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Ningependa notisi ya daktari iwe ndefu kuliko siku 28 za sheria, hasa visiwani, kwa pande zote mbili: miezi mitatu inatosha kumpata mwingine, na wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu hawakurupushwi.

Nawaomba wenye hospitali mliomo humu mfanye jambo moja kuanzia mwezi ujao. Mpeni daktari rasimu, aende nayo nyumbani siku saba, airudishe na maswali yake kwa maandishi. Anayemsainisha mtu kaunta, foleni ya wagonjwa ikiwa imefika mlangoni, anajinunulia kesi. Nanyi madaktari, msirudi na kauli ya jumla kwamba hamjaridhika. Rudini na sentensi mnayoitaka, mkiwa mmeshaiandika. Mwenye hospitali hujibu kwa urahisi zaidi anapoonyeshwa maneno ya kukubali au kukataa, na hata akikataa, mtajua msimamo wake kabla hamjahamisha vyombo vya nyumbani.

Mkishasaini, kila upande ubaki na nakala yenye saini zote mbili kwenye kila ukurasa. Badiliko lolote la baadaye, liwe la mshahara, la kituo au la zamu, lijadiliwe na liandikwe. Kunong'onezana koridoni si badiliko. Madai yanayotokana na mkataba wa kazi yanapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya miaka mitatu tangu kutokea kwa jambo, na kwa watu wa huku hakuna haja ya kupanda basi la Nairobi, kwa kuwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi huketi hapa hapa Malindi. Vifungu vya mfano nilivyovisoma, pamoja na ile hesabu ya asilimia, viko kwa Bwana Mwenyekiti, na wenzetu wa Faza na Mpeketoni wachukue kwanza maana boti na magari yao hayangoji. Sasa nitasikiliza maswali.